Saketi ya maumivu iko kimya: ni nzima, au imeingiwa na ganzi?

Mama mdogo wangu ana kisukari cha muda mrefu. Siku moja alikanyaga kaa lililoruka kutoka kwenye jiko la mkaa, akaendelea kukoroga mboga. Harufu ndiyo iliyomshtua, si mguu. Kidonda kile kilichukua miezi kupona, na ndicho kilichonifanya niache kutengeneza redio za watu jioni nianze kuunda saketi ndogo zinazoiga neva ya maumivu: kihisi cha joto upande mmoja, mipigo ya umeme upande wa pili.

Nimeunda nyingi, nimewasaidia wanafunzi wa ufundi kuunda nyingi zaidi, na karibu kila moja iligoma mara ya kwanza. Hapa nitafuata dalili moja baada ya nyingine. Ila kabla hujashika mita, elewa jambo hili: kwenye saketi ya aina hii kelele si adui mkubwa. Inayolia ovyo utaijua papo hapo na utaitengeneza. Inayokaa kimya ndiyo ya kuogopa, maana saketi nzima ambayo haijaguswa na moto na saketi iliyokufa zinafanana kabisa zikiwa mezani.

Saketi ninayoizungumzia

Neva ya maumivu haipeleki kipimo cha joto kwenye ubongo. Inapeleka mipigo. Kila mpigo una kimo kilekile na hudumu takriban milisekunde 1. Maumivu yakizidi, mipigo inakaribiana. Edgar Adrian wa Cambridge aliyaonyesha haya miaka ya 1920, na mwaka 1932 alitunukiwa Nobel pamoja na Charles Sherrington. Tena neva hii ina kizingiti. Kwenye ngozi kuna mlango wa protini uitwao TRPV1, ambao David Julius na wenzake waliutambua mwaka 1997 kwa kufuatilia kile kinachowasha ndani ya pilipili. Mlango huo hufunguka joto likipita takriban nyuzi 43 za Selsiasi. Ndiyo maana pilipili "inachoma": imefungua mlango uleule wa moto.

Saketi yangu inaiga hayo mawili, kizingiti na mipigo. Themista, yaani kihisi ambacho upinzani wake hupungua joto likipanda, ya 10k au kilohmu 10 (kwa nyuzi 25, yenye B ya 3950, namba inayoonyesha jinsi upinzani unavyofuata joto) imeungwa kwenye chanya ya volti 5, na chini yake rezista ya 4.7k inakwenda hasi. Katikati yao inatoka volti inayopanda kadiri joto linavyopanda. Nusu moja ya LM358, chipu yenye vikuza-ishara viwili (opampu), inaipokea volti hiyo na kuitoa vilevile ilivyo, kisha inapita kwenye rezista ya 100k na kujaza kapasita (kipuri kinachohifadhi chaji) ya mikrofaradi 1. Sambamba na kapasita kuna rezista ya megaohmu 1 inayovujisha chaji taratibu. Wazo hili la kuiona neva kama kapasita inayojaa huku ikivuja ni la Mfaransa Louis Lapicque, mwaka 1907.

Kilinganishi LM393, chipu inayolinganisha volti mbili, kinaitazama kapasita. Ikifika karibu volti 2.25, tokeo la kilinganishi linaanguka hadi karibu na sifuri, na kapasita inamwagwa kuelekea huko kupitia rezista ya 1k na dayodi 1N4148, inayopitisha umeme upande mmoja tu. Wakati huohuo rezista ya mrejesho inakishusha kizingiti hadi volti 1.2, ili mpigo usikatike katikati. Kapasita ikishuka chini ya hapo, tokeo linapanda na safari inaanza upya. Kumwaga huko kunachukua milisekunde 1 na ushei, karibu sawa na mpigo wa neva halisi. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto.

Andika namba hizi ukutani kabla ya kuanza kutafuta hitilafu. Katikati ya themista na rezista unapaswa kupata karibu volti 1.9 katika chumba cha nyuzi 32 (mchana wa kawaida wa Dar es Salaam mwezi Februari), volti 2.5 kwa nyuzi 43, na volti 2.8 kwa nyuzi 50. Kwenye kapasita haifiki yote. Inafika sehemu 91 kwa 100, kwa sababu ya ile rezista inayovujisha. Kwa nyuzi 43, basi, inafika 2.27, na hapo ndipo mipigo inapoanza. Kwa nyuzi 50 utasikia mipigo kama 7 kwa sekunde. Kwa 60, kama 12.

Tumia betri wakati wote wa majaribio. Na usiunganishe tokeo la saketi hii kwenye mwili wa mtu, hata kama volti zake ni ndogo. Hii ni saketi ya kujifunzia na ya kuonya kwa sauti, si kifaa cha tiba.

Dalili: kimya kabisa, hata themista ikiwa kwenye maji ya moto

Anza na mita, si kwa kubadilisha vipuri. Pima katikati ya themista na 4.7k.

Ukipata sifuri, waya wa themista umekatika. Hii ndiyo hitilafu niliyoiona mara nyingi kuliko zote, hasa themista ikishonewa kwenye glavu. Waya unakatikia kwenye kifundo cha mkono, mahali panapokunjwa kila siku, na unakatikia ndani ya mpira kiasi kwamba kwa nje unaonekana mzima. Vuta kidogo huku ukitazama mita: namba zikirukaruka, umeshaipata. Waya wa shaba wa uzi mmoja haufai hapo. Tumia wenye nyuzi nyingi nyembamba, uache kikunjo cha ziada, na usimwage risasi ya kulehemu ndani sana ya nyuzi, maana inazigandisha na zinavunjika pale pale risasi inapoishia.

Lakini angalia kilichotokea. Waya umekatika, na saketi *imetulia*. Hakuna taa, hakuna sauti, hakuna dalili. Mtu aliyeivaa anaamini kwamba hakuna moto karibu. Hivyo ndivyo ganzi inavyofanya kazi mwilini. Mwaka 2006 wanasayansi walieleza kuhusu familia za kaskazini mwa Pakistani ambazo baadhi ya watoto wao walizaliwa bila kuhisi maumivu kamwe, kwa sababu jeni moja, SCN9A, ilikuwa na kasoro na mlango wa sodiamu unaobeba mipigo ya maumivu haukufanya kazi. Mmoja alikuwa mvulana aliyefanya maonyesho barabarani, akijichoma visu mkononi na kutembea juu ya makaa. Alifariki kabla ya kutimiza miaka 14, baada ya kuruka kutoka juu ya nyumba. Hakuna kilichokuwa kimemwambia asiruke.

Kwa hiyo simkubalii mwanafunzi amalize saketi hii bila mlinzi wa waya. LM393 ina vilinganishi viwili ndani na tunatumia kimoja. Cha pili kiko bure. Kielekeze kwenye volti ya themista na ukipe kizingiti cha volti 0.5. Hata kwenye barafu ya nyuzi 0 themista hii inatoa volti 0.6, kwa hiyo chochote chini ya 0.5 si baridi, ni waya uliokatika. Kikitambua hivyo kiwashe taa nyekundu isiyozimika mpaka waya urudi. Rezista tatu na taa moja tu, na ukimya wa saketi unaanza kuwa na maana.

Tuendelee. Ukipata volti nzuri katikati lakini bado kimya, pima tokeo la LM358. Wengi wananakili mchoro wa kawaida wenye rezista ya 10k chini ya themista ya 10k, na hapo nyuzi 43 zinaangukia volti 3.4. Sasa, LM358 ikilishwa volti 5 haiwezi kutoa zaidi ya kama volti 3.5, inagota darini. Matokeo yake, maumivu ya nyuzi 47 na ya nyuzi 70 yanatoa mipigo ileile, na betri ikichoka kidogo saketi inanyamaza moja kwa moja. Unaweza kununua opampu inayofika hadi dari, kama MCP6002. Mimi napendelea kubadilisha rezista. Themista hii kwa nyuzi 43 ina upinzani wa 4.7k, ukiweka 4.7k chini yake, kizingiti cha maumivu kinaangukia nusu kamili ya volti 5, mahali ambapo kihisi kinatofautisha joto vizuri kuliko kwingine kote, na unabaki na nafasi ya kupanda mpaka kupita nyuzi 60.

LM358 iko sawa? Tazama rangi za rezista inayovujisha. Megaohmu 1 ni kahawia, nyeusi, kijani. 100k ni kahawia, nyeusi, njano. Chini ya taa ya usiku kijani na njano zinafanana sana. Ukikosea ukaweka 100k mahali pa megaohmu 1, kapasita haitapita nusu ya volti inayoingia: kwa nyuzi 50 itafika 1.4 na kukaa hapo milele. Kapasita inavuja sawa na inavyojazwa.

Kisha kuna kosa ambalo kila mgeni wa LM393 hulifanya. Tokeo lake linaweza kuvuta chini tu. Halina nguvu ya kusukuma juu. Bila rezista ya 10k kutoka kwenye tokeo hadi chanya, tokeo halipandi sawasawa baada ya mpigo, na mita itakuonyesha namba zisizoeleweka. Weka hiyo 10k. Nimewahi kuona fundi mzuri akibadilisha LM393 nne mfululizo akidhani ni bandia, kumbe kilichokosekana ni rezista ya shilingi mia.

Mwisho katika kundi hili: huenda saketi inapiga na wewe huoni. Taa inayowaka kwa milisekunde 1 mara saba kwa sekunde haionekani mchana. Weka spika ndogo badala ya taa. Utasikia tak-tak-tak, na hutahitaji tena kuambiwa joto limeongezeka, sikio litajua. Watafiti wa neva wamesikiliza mipigo kwa spika tangu enzi za Adrian kwa sababu hiyohiyo.

Dalili: inalia tangu unapowasha, baridi au moto haijali

Kama taa imewaka mfululizo bila kupepesa, tazama dayodi. Mstari mweusi lazima uelekee kwenye tokeo la kilinganishi. Ukiigeuza, tokeo likiwa juu linajaza kapasita kupitia dayodi mpaka kizingiti kipitwe, na likishuka dayodi inafunga njia ya kumwaga. Kapasita inabaki imejaa na saketi inabaki kwenye mpigo mmoja usioisha.

Kama ni mipigo ya haraka isiyokoma, pima katikati ya themista na 4.7k. Karibu volti 5 wakati chumba ni cha kawaida maana yake ni moja kati ya mawili: nyaya za themista zimegusana, au mguu wa 4.7k umeachia hasi. La pili hutokea sana kwenye bredibodi (ubao wa kuchomeka vipuri bila kulehemu) zilizotumika miaka mingi, ambazo matundu yake yamelegea. Hamishia mguu huo tundu jingine kabla ya kulaumu kipuri.

Ukiwa unasoma mipigo kwa Arduino, ile bodi ndogo ya kompyuta, kuna jambo la ziada. Mguu wa kusomea ambao haujaungwa na kitu hausomi sifuri. Unaelea, unaokota umeme wa nyaya za nyumba za hertzi 50, na unaandika namba zozote kati ya 0 na 1023. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniletea saketi yenye vidole vitano "vinavyoumia", huku kidole cha tano kikiwa hakijawekewa kihisi kabisa. Daktari Mmarekani Silas Weir Mitchell aliandika mwaka 1871 kuhusu askari waliokatwa miguu ambao waliendelea kuhisi miguu ile, mara nyingi kwa maumivu. Mwilini sababu zake ni ngumu na bado watu wanateseka nazo. Kwenye Arduino dawa ni rezista ya 100k kutoka kwenye mguu huo kwenda hasi.

Dalili: inanyamaza ukiipima, inalia ukiondoa mita

Hii iliniibia wikendi nzima. Themista ilikuwa kwenye maji ya nyuzi 46, mipigo inasikika vizuri. Nikigusisha mita kwenye kapasita, kimya. Nikiondoa, inalia.

Hitilafu ilikuwa mita yangu. Zile mita ndogo za bei nafuu nyingi zina upinzani wa ndani wa megaohmu 1 tu. Ukiigusisha kwenye kapasita umeongeza mvujo wa pili sawa na ule wa kwanza, na kapasita ambayo ingefika volti 2.4 sasa inaishia 2.2, chini kidogo ya kizingiti. Mita nzuri zina megaohmu 10 na madhara yake ni madogo. Kama huna, usipime kwenye kapasita. Pima kwenye tokeo la LM358, ambalo lina nguvu ya kubeba mita yoyote, kisha zidisha kwa 0.91.

Dalili: leo inalia kwa kitu ambacho jana haikukilalamikia

Hapa weka mita chini kwanza, maana pengine hakuna kilichoharibika.

Ngozi iliyomwagikiwa chai ya moto, kesho yake ikiguswa na maji ya kuoga ya vuguvugu, inauma. Maji yaleyale kwenye mkono wa pili ni raha tu. Neva za mahali palipojeruhiwa zimeshusha kizingiti chao, na kinachouma kidogo kinauma zaidi. Huu ni ulinzi: mwili unakulazimisha upalinde mahali panapopona. Saketi isiyofanya hivyo imeiga nusu tu ya kazi ya neva.

Kwenye saketi yangu kazi hiyo inafanywa na kapasita ya kumbukumbu ya mikrofaradi 100. Kila mpigo unafungua transista 2N3906 kwa milisekunde 1 na kuidondoshea kapasita hiyo chaji kidogo, kama milivolti 11, kupitia rezista ya 4.7k na dayodi. Rezista ya megaohmu 1 inaivujisha kwa dakika kadhaa. Ikijaa vya kutosha inafungua transista ya pili, 2N7000, ambayo inavuta kizingiti chini. Themista ikikaa kwenye nyuzi 50 kwa nusu dakika, kapasita inakaribia volti 2, na baada ya hapo saketi italia hata kwa joto la kiganja.

Kwa hiyo jaribio la kwanza ni subira. Iache mahali pa baridi dakika 10, kisha ijaribu tena. Ikirudi kwenye nyuzi 43, ni nzima, na umeona kitu ambacho maabara nyingi zinakitafuta. Isiporudi, kapasita ya kumbukumbu haivuji: rezista yake ya megaohmu 1 imeachia.

Kinyume chake kinatokea zaidi, kwamba saketi haikumbuki kabisa. Sababu tatu. Umetumia 2N3904 badala ya 2N7000. 2N3904 inakunywa mkondo kwenye mguu wake wa kudhibiti na kuikausha kapasita, 2N7000 hainywi. Au kapasita ya elektrolitiki ni kuukuu, iliyong'olewa kwenye runinga ya zamani, na inavuja ndani kwa ndani kuliko rezista uliyoiwekea. Nunua mpya, ikiwezekana ya tantalamu. Au umeigeuza chanya na hasi, na hapo itoe mara moja, usiijaribu tena. Kumbuka pia kwamba 2N7000 hazifanani: moja inafunguka kwa volti 1 na kitu, nyingine inangoja zaidi ya 2. Kama una tatu mkononi, zijaribu zote kabla ya kubadilisha kingine chochote.

Dalili: inaanza vizuri, kisha inazoea

Asubuhi unapovaa shati unalihisi. Baada ya dakika hulihisi tena. Neva za mguso huzoea, na ni vizuri. Neva za maumivu haziruhusiwi kuzoea hivyo, kwa sababu kaa linaendelea kuunguza hata baada ya dakika tano.

Saketi inayozoea karibu kila mara ina kapasita mahali isipotakiwa, iliyowekwa *kwa mfululizo* katika njia ya ishara. Mtu aliiweka "kuondoa kelele". Kapasita ya namna hiyo inapitisha mabadiliko tu. Joto likipanda inapiga, joto likibaki pale pale juu inanyamaza. Umejenga neva ya mguso. Iondoe. Kama kelele ni tatizo, kapasita iende hasi, si katikati ya njia.

Kama hakuna kapasita ya hivyo, tazama ulishaji. Betri ya volti 9 ikishuka chini ya 7, kidhibiti 7805 hakishikilii tena volti 5. Saketi iliyojengwa vizuri inavumilia hilo, kwa sababu themista na kizingiti vinalishwa kutoka chanya moja na vinashuka pamoja. Isiyovumilia ni ile yenye kizingiti kilichotolewa kwenye mguu wa volti 3.3 wa Arduino huku themista ikitoka kwenye 5. Betri ikishuka, kihisi kinashuka na kizingiti kinabaki juu, na kidogo kidogo unarudi kwenye ganzi. Lisha vyote viwili kutoka sehemu moja.

Dalili: inachelewa

Soma kapasita: 105 ni mikrofaradi 1, 106 ni 10, nayo inachelewesha kila mpigo mara kumi. Ukiweka 104 utapata kinyume, mvua ya mipigo. Kama kapasita ni sahihi, basi ni themista yenyewe. Iliyofunikwa gundi nene huchukua sekunde kadhaa kupata joto. Chagua ndogo yenye kichwa cha kioo. Sekunde moja usiihangaikie sana. Neva zetu nyembamba za maumivu hupeleka ishara kwa kasi ya mita 0.5 hadi 2 tu kwa sekunde, ndiyo maana ukijikwaa unapata uchungu mkali kwanza, kisha ule mzito unaofika baadaye.

Kwa walio na memrista

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst walionyesha neva bandia ya maumivu ndani ya kipuri kimoja, memrista, ambacho upinzani wake hubadilika kufuatana na umeme uliopita: kati ya vituo viwili, atomi za fedha zinajipanga kuwa uzi volti ikitosha, na uzi huyeyuka wenyewe volti ikiondoka. Kizingiti, mapumziko na usikivu baada ya jeraha vyote vinatoka kwenye tabia ya uzi ule. Mwaka huohuo watu wa Stanford waliunganisha neva bandia ya mguso na mguu wa mende, ukacheza.

Ukibahatika kushika kipuri kama hicho, hitilafu kuu ni moja: uzi hauyeyuki, kipuri kinabaki kimefunguka. Mkondo ulikuwa mkubwa mno na uzi ukawa mnene. Weka daima rezista ya mfululizo ya kuzuia mkondo kabla ya kugusisha volti yoyote, kwa sababu kosa hilo mara nyingi halirekebishiki.

Dalili: saketi ni nzima, lakini mtu ameungua

Daktari Paul Brand alitumia maisha yake kwa wagonjwa wa ukoma, kwanza Vellore nchini India, kisha kuanzia mwaka 1966 huko Carville, Louisiana. Ni yeye aliyewafanya wengi waelewe kwamba vidole vya wagonjwa wale havikuwa "vikioza". Viliharibiwa na majeraha madogo ambayo hayakuhisiwa. Basi yeye na wenzake wakajaribu kuunda maumivu bandia: glavu na soksi zenye vihisi, na mlio sikioni. Wagonjwa wakaupuuza mlio. Wakabadilisha wakaweka mshtuko wa umeme kwapani, mahali palipobaki na hisia. Wagonjwa wakawa wanaizima wanapotaka kufanya jambo ambalo lingewapa mshtuko, kisha wanaiwasha tena. Mradi ukaachwa. Vihisi vilikuwa na matatizo yake, lakini lililoushinda zaidi ni swichi.

Nimelifikiria sana hilo nikimtengenezea mama mdogo. Kifaa chake kimeshonewa kwenye kitambaa cha kushikia sufuria na kwenye soli ya ndala za jikoni. Nyayo zake bado anazikagua kila jioni kwa kioo, kama muuguzi alivyomfundisha, na saketi haichukui nafasi ya kioo hicho. Swichi ya kuzima sikuweka. Niliweka kitufe cha kunyamazisha, kinachoendeshwa na 555, chipu ya kuhesabu muda, yenye rezista ya 100k na kapasita ya mikrofaradi 100: ukikibonyeza unapata karibu sekunde 11 za kimya, inatosha kuipua sufuria.

Wiki ya pili nikakuta kitufe kimefungwa kwa utepe wa plasta. "Mwanangu, kinanipigia kelele nikikaanga," akaniambia. Na 555, ikiwa mguu wake wa kuamshia umeshikiliwa chini, inaendelea kunyamazisha muda wote utepe upo. Nilikuwa nimejenga swichi ya kuzima bila kujua.

Dawa yake ni kapasita ya nanofaradi 10 kati ya kitufe na mguu wa 2, rezista ya 10k kutoka mguu wa 2 hadi chanya, na nyingine ya 10k kutoka upande wa kitufe hadi chanya. Hapo 555 inauona ule wakati wa kubonyeza tu, si muda unaoendelea kushikilia. Ukimaliza, weka themista kwenye maji ya moto, bonyeza kitufe, na usikiachie. Hesabu. Ikifika sekunde ya 12 na kidole chako bado kimebonyeza, lazima uisikie.